Karani wa Forodha na Jembe Lake

Wasomaji wetu walioko Tunduma hawahitaji kuelezwa forodha ni kitu gani. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga safu barabarani, na baba wengi wa mji huo hurejea nyumbani watoto wamekwisha lala. Kwao hao, na kwa vijana wao wanaotazamia kazi kama hiyo, twapenda kumkumbuka karani mmoja wa forodha ambaye wengi humjua kwa ushairi wake tu.

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia katika ukarani wa forodha, akaushika miaka 18, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Baadaye akarudi Tanga. Katika miaka hiyo yote mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Ushairi ulikuwa kazi ya saa zake mwenyewe, saa ambazo wengine wetu huzimaliza barazani.

Nyumba yake haikukosa msiba. Mkewe, Amina, alifariki akamwachia watoto, naye akamwomboleza kwa shairi lenye jina la marehemu. Lakini lililo kubwa kwetu, kuliko sifa zote alizopata duniani, ni kuwa aliketi akawatungia watoto wake usia: bintiye akamtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Ndani yake mna kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi na mwenendo mwema. Hakuwaandikia umma kwanza. Aliwaandikia wawili waliokuwa wakila naye sahani moja, na umma ukaja kusoma baadaye. Nduguye, Yusuf Ulenge, naye alimwandikia barua miaka na miaka, na barua hizo zimekuwa kitabu.

Na jembe je? Katika Utubora Mkulima alimwandika mtu mwenye kazi njema mjini, ambaye aliiacha kwa hiari yake akaenda shamba, Busutamu, kulima. Ajabu ni kwamba aliyeyatunga hayo ni mtu aliyekula mshahara wa ofisi kwa zaidi ya miaka 30! Sisi twadhani hakuwa akiidharau kalamu. Alikuwa akiipa heshima kazi ya udongo, ambayo wenye viatu vilivyong’arishwa huiona ya watu duni. Nasi Waislamu tumekwisha funzwa na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa Muislamu apandaye mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Mche hukaa kiasi cha miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya kutajika, na mibuni mingi leo inachumwa na watoto wa waliokwisha zikwa. Baba wa Tunduma atatujibu kuwa kiwanja chake ni kidogo, tena kimejaa vumbi la malori. Ni kweli. Lakini debe bovu likitiwa udongo huotesha mchicha, na mtoto aliyetumwa kulimwagilia baada ya sala ya alasiri hukaa na babaye robo saa ambayo asingeipata popote. Tena katika robo saa hiyo baba anaweza kusema maneno mawili ambayo Shaaban Robert alihitaji utenzi mzima kuyasema.

Alifariki Juni 1962, hajatimiza miaka 54, akazikwa Machui. Utubora Mkulima kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mtungaji wake kuingia kaburini. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu baba zetu waliotupandia tusivyovipanda. Amin.