Mashine Inamwaga Maziwa Stima Ikirudi? Hii Hapa Sababu

Stima imepotea, imerudi, na kabla hujageuka ATM yako ya maziwa imeshamwaga kikombe kizima sakafuni. Unaangalia simu, hakuna meseji ya malipo. Je, kuna mtu ameingilia till yako? Kama hakuna muamala kwenye taarifa yako, anza kwa kukagua mashine.

Ndani ya mashine kuna maikrokontrola, kompyuta ndogo inayopokea habari kwamba mteja amelipa, kisha inawasha pampu kupitia swichi iitwayo rilei. Amri inapita kwenye mguu mdogo wa chuma, yaani pini. (Si ile PIN yako ya siri!)

Stima ikirudi, programu huchukua muda kidogo kuanza. Muda huo pini nyingi haziko juu wala chini. Ni kama mlango usio na komeo: upepo kidogo tu, unafunguka. Rilei ikishtuka, pampu inazunguka.

Jua shida ni gani

Toa pampu, weka taa ndogo mahali pake, kisha zima na uwashe mashine mara 10.

- Taa ikimulika kidogo na kuzima, shida ni pini wakati wa kuwaka.
- Ikikaa muda wa kupima nusu lita nzima, huenda programu inarudia oda ya zamani. Hiyo ni kazi ya aliyeiandika.

Mwambie fundi akague haya

1. *Pini iliyotumika.* Kwenye ESP8266, GPIO16 huwa juu mashine ikiwaka, nazo GPIO0, 2 na 15 zina kazi ya kuamua vile chipu itaanza. GPIO4 na GPIO5 ni salama zaidi.
2. *Aina ya rilei.* Rilei nyingi za bei nafuu huwaka pini ikiwa chini. Hapo programu iiweke pini juu kwanza, ndipo iitangaze kuwa ya kutoa amri. Ukibadilisha mpangilio huo, pampu inaweza kushtuka.
3. *Resista.* Hili ndilo komeo la mlango. Resista ya kilo-ohm 10 huivuta pini upande wa kuzima hata kabla programu haijaamka: chini kwa rilei inayowaka juu, juu kwa ile inayowaka chini. Programu peke yake haiwezi kulinda muda ambao bado haijaanza.

Pampu ikitumia stima ya 240V, usifungue mashine mwenyewe.

Jioni, linganisha lita zilizotoka na malipo yaliyoingia. Tofauti ikija siku za stima kupotea tu, umepata jibu kabla hujamlaumu kijana wa duka.

Na fundi akikuomba PIN ya simu ili "ajaribu mashine", kataa. Kurekebisha pini hakuhitaji PIN yako hata kidogo.