Mvua za Vuli Pwani: Utabiri Unatuambia Nini Hasa?

Kila mwaka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, redio hutangaza utabiri wa mvua za vuli, yaani mvua za Oktoba, Novemba na Desemba. Tunasikia "zaidi ya kawaida" au "chini ya kawaida", kisha wimbo unapigwa na habari imekwisha. Kikundi nacho kinabaki na maswali. Je, akiba inunue mbegu za mahindi au za kunde? Mbuzi wauzwe sasa au tungoje? Wenzetu wanaokaa kando ya mto wahame au wabaki?

Uamuzi mbaya hapa unaweza kumaliza pesa ambazo kina mama wamechanga shilingi kwa shilingi mwaka mzima. Kwa hiyo hebu tuufungue utabiri huu, tuone ndani yake mna nini.

VULI NA MASIKA SI NDUGU SAWA

Kwetu kwenye ukanda wa bahari, kutoka Vanga hadi Lamu, mvua kubwa ni ya masika, na mwezi wa Mei ndio kilele chake. Vuli huja kusi inapolegea, kabla kaskazi haijashika vizuri. Ni mvua fupi, na mwaka huu si kama mwaka jana. Lakini Taita Taveta watu hutegemea vuli zaidi kuliko masika. Kwa hiyo tangazo moja la "Pwani" halina uzito sawa kwa kila mmoja wetu.

Jambo zuri ni kwamba vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Sababu ni bahari.

BAHARI NDIYO INAYOPIKA MVUA

Kuna miaka ambapo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika Mashariki huwa na joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia huwa baridi. Hapo hewa yenye unyevu hupanda juu karibu na kwetu, mawingu hujaa, na vuli huwa nzito. Mambo yakigeuka, joto likawa upande wa Indonesia, mvua hunyesha huko na sisi tunabaki tukitazama mbingu. Wataalamu huita hali hii Daipoli ya Bahari ya Hindi.

Mbali zaidi, katika bahari ya Pasifiki, kuna El Niño na ndugu yake La Niña. El Niño mara nyingi hutuongezea vuli, na La Niña huipunguza. Hebu tazameni miaka hii:

- 1997: El Niño na joto la bahari yetu vilikuja pamoja. Mafuriko yake yanasimuliwa hadi leo.
- 2015: El Niño ilikuwa kali sana huko Pasifiki, lakini mvua ya Kenya haikufikia ile ya 1997.
- 2019: El Niño kali haikuwapo, lakini bahari yetu ilikuwa na joto jingi. Mvua ilinyesha kupita kiasi.
- 2020 hadi 2022: La Niña ilirudi mwaka baada ya mwaka. Vuli tatu zilishindwa mfululizo, na masika zilizokuwa katikati hazikutosha. Ng'ombe walikufa kwa wingi.
- 2023: El Niño na joto la bahari yetu vilikutana tena. Novemba mafuriko yaliingia Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River.

Mnaona basi? Kusikia neno "El Niño" peke yake hakutoshi. Ni lazima kuuliza pia: na bahari yetu inasemaje?

"KAWAIDA" NI NINI?

Idara ya Hali ya Hewa huchukua mvua ya miaka mingi ya mahali fulani na kupata wastani wake. Hiyo ndiyo "kawaida" ya mahali hapo. Kwa hiyo "zaidi ya kawaida" kule Bura si sawa na "zaidi ya kawaida" kule Msambweni. Mahali pakavu panaweza kupata mvua zaidi ya kawaida na bado mahindi yakakauka.

Tena, utabiri husema juu ya jumla ya miezi mitatu. Mvua yote inaweza kumwagika kwa wiki mbili, kisha jua likawaka mwezi mzima. Jumla itakuwa nzuri kwenye karatasi, na shamba litakuwa limeungua.

MCHEZO WA PUNJE 20

Utabiri hutolewa kwa nafasi. Kwa mfano, unaweza kusema: nafasi 45 kwa 100 mvua itakuwa zaidi ya kawaida, 35 kwa 100 itakuwa ya kawaida, na 20 kwa 100 itakuwa chini ya kawaida. Maana yake si kwamba mvua nyingi lazima ije.

Jaribuni mchezo huu kikundini. Tieni katika kofia punje 9 za mahindi, punje 7 za kunde na punje 4 za pojo. Mahindi ni mvua nyingi, kunde ni mvua ya kawaida, pojo ni mvua haba. Kila mmoja afumbe macho, achomoe punje moja, aonyeshe wenzake, kisha airudishe. Mtaona kwamba mahindi hutoka mara nyingi zaidi, lakini pojo nayo hutoka! Ikitoka, hakuna aliyedanganya. Ilikuwamo kofiani tangu mwanzo.

Basi swali la kikundi ni hili: tukichomoa pojo, tutakula nini? Mkopo wa mbegu na mbolea ambao hauwezi kulipika ila mvua iwe nyingi ni mkopo wa kuogopa, hata utabiri uwe mtamu namna gani.

MAFURIKO BILA MVUA

Wenzetu wa Garsen na vijiji vya kando ya Tana wanalijua jambo hili. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na Nyandarua. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kufurika, maji huteremka hadi Garissa, kisha Tana River, hata kama kwenu hakujanyesha tone. Mto Sabaki nao huleta maji ya Athi kutoka bara. Kwa hiyo mkaao kando ya mto, sikilizeni utabiri wa bara pia, na habari za mabwawa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mchagueni mtu mmoja wa kusikiliza. Utabiri wa msimu hufuatwa na taarifa za kila mwezi na za kila wiki. Mwanzoni mwa Oktoba 2023 wengi waliambiwa El Niño haiji, wakalala. Novemba maji yakawakuta kitandani. Ofisi ya hali ya hewa ya kaunti yenu ipo, ulizeni huko.

2. Gawanyeni shamba. Hata mkiambiwa mvua ni nyingi, sehemu moja iwe ya kunde, pojo, mtama au muhogo. Kunde na pojo huwahi kukomaa kuliko mahindi. Kwa mahindi, tumieni mbegu zinazofaa Pwani, na mtayarishe shamba kabla ya tone la kwanza.

3. Safisheni mifereji ya mabati na tangi mwezi wa Septemba. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Paa la mita 8 kwa 5 likipata milimita 100 hupokea lita 4,000. Hata sehemu moja kwa tano ikipotea, zinabaki lita 3,200, yaani mitungi 160 ya lita 20. Hesabuni safari za kisimani ambazo kina mama watapumzika!

4. Chanjeni mifugo mapema. Baada ya mvua kubwa za 1997 na 2006, Homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu pia. Chanjo hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia. Muoneni afisa wa mifugo.

5. Anikeni vizuri mahindi ya masika na kuyainua kutoka sakafuni. Unyevu wa vuli huleta ukungu, na ukungu huleta sumu.

6. Tengenezeni neti za mbu na chemsheni maji ya kunywa. Malaria na kipindupindu hufuata maji.

Wazee wetu nao hutazama upepo na mbuyu unapochipua majani. Msiwadharau. Waketi pamoja na yule msikilizaji wa redio, walinganishe, kisha kikundi kiamue na kuandika uamuzi wake katika kitabu cha mikutano.

MASWALI YA KUJADILI

- Vuli ya mwaka jana kwetu ilikuwa vipi, na utabiri ulisemaje?
- Mvua ikiwa haba, akiba yetu itatufikisha mwezi gani?
- Maji yakija usiku, wazee na watoto watapelekwa wapi, na nani atawabeba?