Je, Wajua? Mkonge wa Korogwe na Injini Isiyogonga

Je, wajua kwamba methani, gesi ambayo huko Hale, wilayani Korogwe, katika miaka ya 2000 ilianza kutolewa katika makapi ya mkonge ili kuzalisha umeme, hustahimili shinikizo ndani ya silinda kuliko petroli ya kawaida? Oktani yake, yaani kipimo cha ustahimilivu huo, hupita 100.

Ustahimilivu huo ni johari kwa gari lililofungwa supachaja, mtambo ushindiliao hewa iingiayo injini. Hewa ya Handeni yenye nyuzi 30, ikishindiliwa hata shinikizo lake likawa mara moja na nusu, hufika nyuzi 65 na zaidi kabla haijaingia silindani. Kisha cheche ikiruka, petroli ambayo moto haujaifikia hujilipukia yenyewe, na mlio mkavu ukasikika kama kokoto ndani ya kopo. Mlio huo usipuuzwe abadan, maana ukidumu, ukingo wa pistoni huliwa vitundu vitundu hadi ukamegeka.

Dawa ya ajabu kupita zote ni maji. Mwaka 1944 ndege za kivita za Ujerumani zilinyunyiziwa katika supachaja zake maji na methanoli, nusu kwa nusu, kwani maji yakigeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara sita ya lile lifyonzwalo na petroli ya uzito uo huo.

Fundi naye, kwa kuichelewesha cheche digrii mbili tatu na kufunga plagi zipoazo upesi, huiondolea injini adha hiyo ya kugonga, ijapokuwa nguvu nazo hupungua kidogo.