Mteja akipotea kwenye tovuti yako, hakuulizi njia

Leo naongelea kitu kilichonigharimu hela.

Nina duka hapa Singida mjini. Nauza mafuta ya alizeti na asali, na vitunguu msimu ukifika. Mwaka jana nilikopa laki mbili na nusu kwenye kikoba nikatengenezewa tovuti. Ilikuwa nzuri aisee! Ukiifungua, picha za mashamba ya alizeti zinapita moja moja, maandishi ya njano yanang'aa. Miezi miwili, oda tatu. Marejesho ya kikoba yenyewe hayasubiri.

Siku moja mteja wangu wa Dar, ambaye huwa anaagiza kwa kunipigia, nikamtumia linki achague mwenyewe. Alitaka madumu 12 ya lita 20. Kimya. Jioni nampigia, ananiambia, "Dada, nimezunguka mule sijaona bei, nikachukua kwa mwingine." Wala hakuwa amekasirika. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nikampelekea simu mama mdogo. Ni mtu anayetuma na kupokea hela kwa simu kila siku, siyo mgeni wa hivi vitu. Nikamwambia, "Mama, ninunulie humu dumu moja la lita 10." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, maana mkono unakuwasha umwonyeshe.

Akabonyeza picha ya dumu. Haikufunguka. Akabonyeza tena kwa nguvu, utadhani simu ndiyo mbovu. Vile vimistari vitatu vya pale juu kwenye kona hata hakuviangalia, na menyu yote nilikuwa nimeificha humo. Niliposhindwa kuvumilia nikamwonyesha, akakutana na "Dira Yetu", "Suluhisho", "Bidhaa", "Shuhuda". Akachagua Suluhisho. "Sasa mwanangu, bei iko wapi? Na mbona inanirudisha kwenye picha yako?"

Yale maneno niliyaiga kwenye tovuti za makampuni makubwa. Mteja wangu hatafuti suluhisho, anatafuta mafuta. Sasa hivi menyu ina vitu vitano na vyote vinaonekana bila kubonyeza chochote: Mafuta, Asali, Vitunguu, Usafiri na malipo, Agiza. Kama hujui uandike nini kwenye yako, rudi kwenye meseji zako za WhatsApp uone wateja wanauliza nini na wanakiitaje.

Kitu kingine ambacho sikukijua: wengi hawaingilii mlango wa mbele. Nikiweka linki ya asali kwenye status, mtu anatua moja kwa moja kwenye asali. Kwa hiyo kila ukurasa una jina lake kubwa juu, menyu ile ile pale pale, na jina la duka ukilibonyeza linakurudisha mwanzo.

Bei iko chini ya picha, kwa kila ujazo, na picha yenyewe sasa inafunguka. Kwenye Usafiri na malipo nimeandika mzigo unapandia basi gani, nani analipa nauli ya mzigo, na lipa namba pamoja na jina litakalotokea mteja akianza kulipa. Watu wameshatapeliwa sana, jina lisipofanana wanaacha.

Kitufe cha Agiza kinafungua WhatsApp yangu. Linki yake ni https://wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mimi niliweka sifuri, nikashangaa siku mbili haifanyi kazi.

Maandishi ya njano nimeyatoa, ni meusi sasa. Jaribu kusoma njano kwenye nyeupe ukiwa juani stendi saa saba mchana. Picha za kupita zenyewe nazo nimefuta, zilikuwa zinamaliza bando la watu. Zilizobaki nimezipunguza, hakuna inayozidi KB 200.

Nikampa tena mama mdogo. Hazikufika dakika mbili, oda imeingia kwenye simu yangu.

Vitunguu ndivyo bado vinanisumbua. Bei inapanda na kushuka ndani ya wiki moja, kwa hiyo pembeni ya bei naandika tarehe niliyoibadilisha. Wiki iliyopita nilisahau, mteja akadai bei ya zamani aliyoiona. Nikampa.