Bati la paa na bati linaloua konokono

Mvua zikianza, swali kutoka kisiwa cha Bumbire ni lilelile: maji tunayokinga kwenye paa si yana sumu ya bati?

Hayana, kwa sababu paa lako si la bati. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki. Tumeyapachika jina tu. Bati lenyewe huchimbwa Kyerwa, huku huku Kagera, na hupakwa ndani ya makopo ya vyakula ili chuma kisishike kutu.

Metali hii ya bati hufuata tabia ya anayeandamana naye. Ikiungana na klorini huwa chumvi ya watia nguo rangi: upande mmoja hushika uzi, mwingine hushika rangi, na nguo haichuji. Wazungu waliitumia tangu karne ya 17 kupata wekundu mkali. Ikiungana na florini huwekwa kwenye dawa ya meno.

Ipe sasa mikono mitatu ya kaboni, upate tributilibati. Kiwanja hiki hupenda mafuta, hivyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi na kuvuruga mitambo ya nishati. Kwa konokono wa baharini hufanya la ajabu zaidi: hukaa kwenye kipokezi cha homoni kana kwamba ndicho mwenyeji wake, na konokono jike huota uume. Hali ikizidi, njia ya mayai huziba, uzazi unakoma. Miaka ya 1960 kilijaribiwa kuua konokono wanaoeneza kichocho. Baadaye kikapakwa meli, hadi mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008, ulipokipiga marufuku kwenye rangi za meli.

Kwa hiyo anayenadi mwaloni kwa ndoo unga wa “madini” wa kutibu kichocho, majipu na nguvu za kiume kwa kijiko kimoja, mwulize: madini gani, yameungana na nini? Ufaransa, mwaka 1954, vidonge vya majipu vyenye bati la kaboni viliua watu wapatao 100, ubongo ulivimba. Na vile viliuzwa na wafamasia, si na mtu mwenye ndoo.

Maji ya mvua ya kwanza yamwage, yana kinyesi cha ndege, yanayofuata yachemshe. Kichocho kapime zahanati, umeze prazikwanteli. Unga mwachie mwenye ndoo.