Kuchuja Mwanga: Neno Moja, Maana Mbili

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa Kiswahili kazi isiyo ya kawaida: waeleze kwa Kiswahili sanifu jaribio mojawapo la sayansi linalofanywa katika shule za sekondari hapa Uganda. Kundi moja lilichagua vichujio vya rangi. Vifaa vyao vilikuwa tochi mbili, ukuta mweupe, chumba chenye giza na vipande vya nailoni ya kufungia zawadi: nyekundu, kijani na buluu.

Ripoti yao haikuwa na dosari ya upatanisho wa kisarufi, nasi tukaipa alama za juu. Ndani yake mlikuwa na maelezo kwamba nailoni nyekundu huchuja rangi yake ndani ya mwanga, ndipo mwanga unapokuwa mwekundu. Hakuna kati yetu aliyeshtuka. Mwalimu wa fizikia tuliyemwomba aipitie ndiye aliyeirudisha na swali: kama ni hivyo, mbona nailoni nyekundu ikiwekwa juu ya ya kijani, ukutani hupatikana giza badala ya rangi mbili?

Kosa lilijificha katika kitenzi. Kitenge kipya kikifuliwa huchuja, yaani rangi yake hutoka na kuchafua maji. Chai nayo huchujwa: majani hubaki kwenye chujio, kinywaji hupita. Wanafunzi walishika maana ya kitenge, ilhali mwanga huchujwa kama chai. Mwanga mweupe una rangi zote tayari, jambo ambalo Isaac Newton alilieleza mwaka 1672 baada ya kuupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo. Nailoni nyekundu haiongezi kitu. Hupitisha mawimbi marefu, takriban nanometa 620 hadi 750, na kuyameza mengine, ambayo nishati yake hugeuka joto. Kinachofika kwenye nailoni ya kijani ni wekundu mtupu, na hiyo haiupitishi. (Nailoni za dukani huvuja kidogo, kwa hiyo giza lenyewe huwa na ukahawia.)

Tochi mbili zilileta tokeo jingine. Moja ilifunikwa kwa nailoni nyekundu, nyingine kwa ya kijani, na miali ikakutana ukutani. Pale ilipokutana palionekana manjano. Hapa mwanga unaongezwa juu ya mwanga. Kwenye nailoni mbili zilizopandana, mwanga unapunguzwa mara mbili. Kundi lilikuwa limeyaandika matokeo haya mawili katika aya moja, kama kwamba ni jambo lilelile.

Tulilolipenda zaidi ni jaribio la bendera yetu, ambalo walilibuni wenyewe. Chini ya mwanga mwekundu, milia ya manjano na myekundu ilikaribia kufanana, duara jeupe la katikati likawa jekundu pia, na mweusi ukabaki mweusi. Jani bichi la mgomba waliloliweka kando lilionekana karibu jeusi, kwani halikupata kijani cha kurudisha machoni.

Ripoti imeandikwa upya. Sasa inasema nailoni "huzuia" na "hupitisha", na "kuchuja" limebaki kwenye kichwa cha habari pamoja na maelezo yake. Alama za kwanza tumezifuta, kwa kuwa tulisahihisha sarufi tukaacha ukweli. Muhula huu mwalimu wa fizikia ataketi nasi tangu mwanzo.