Huduma ya Macho Iwafuate Waathirika wa Mafuriko Mahali Walipo

Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalivuka kingo na kufunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 zilikuwa zimejaza mito, na maji ya Bwawa la Julius Nyerere yalilazimika kufunguliwa. Tarehe 25 Aprili 2024 aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa mvua hizo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini, na kwamba watu wapatao 200,000 wa kaya zaidi ya 51,000 walikuwa wameathirika.

Hasara za mafuriko zinapohesabiwa hutajwa nyumba, mazao, mifugo na barabara. Ipo hasara nyingine ambayo ni vigumu kuiona katika siku za kwanza. Mzee aondokaye nyumbani usiku kwa kukimbia maji huacha miwani yake. Mgonjwa wa presha ya macho huacha kichupa cha dawa ambayo hutakiwa kuitia kila siku bila kukosa. Mtoto aliyechomwa na bua la mpunga jichoni hukaa kambini siku tano huku jicho likigeuka jeupe, kwa sababu hakuna chombo cha kumvusha. Maji hupungua na mashamba hulimwa tena, lakini jicho lililokwisha kufa halirudi. Kwa sababu hiyo inafaa watumishi na wakazi wafahamu jinsi huduma ya macho inavyoweza kupelekwa kwa waathirika mahali walipo, na maandalizi yanayotakiwa kabla ya maafa kutokea.

Mazingira ya Chumbi na visiwa vya delta

Kata ya Chumbi ipo kusini mwa Mto Rufiji, jirani na Muhoro. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za bonde hilo, mkazi mmoja huweza kuwa na nyumba katika ardhi iliyoinuka na shamba la mpunga chini bondeni, ambako hulala katika dungu akilinda mazao yake. Hali hiyo ina historia. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa katika vijiji vya nchi kavu pande zote mbili za mto. Hata hivyo wengi waliendelea kushuka bondeni, kwa kuwa tope linaloachwa na maji ndilo rutuba ya kilimo cha mlau.

Upande wa mashariki, mto unapogawanyika kuingia baharini, zipo kata za delta katika Wilaya ya Kibiti, zikiwamo Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni. Huko safari nyingi ni za mtumbwi au boti, na hutegemea kujaa na kupwa kwa maji. Mgonjwa wa visiwani hana budi kufika kwanza Nyamisati au bandari nyingine ya bara, ndipo apate gari.

Mafuriko yanapotokea njia hizo ndizo huharibika mwanzo. Tarehe 4 Mei 2024, kabla wananchi hawajatulia, Kimbunga Hidaya kiliipiga pwani karibu na Kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Katika siku za namna hiyo, kumwambia mgonjwa wa macho aende hospitali kubwa ni sawa na kumwambia asubiri. Yapo maradhi ambayo hayasubiri.

Maradhi yasiyosubiri

La kwanza ni jeraha la kioo cha jicho. Bua, mwiba, tawi au mchanga hukwaruza kioo hicho, na vijidudu vya maji machafu na vya tope huingia katika mkwaruzo. Kidonda huweza kukomaa kwa siku chache na kuacha kovu jeupe la kudumu.

La pili ni kemikali na sumu. Klorini inayotumika kusafisha maji kambini huunguza jicho ikirukia humo. Aidha, mafuriko huwasukuma nyoka kwenye ardhi ya juu wanakokimbilia watu, naye swila hutema sumu machoni. Katika hali zote mbili tiba ya kwanza ni kuosha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha kumpeleka mgonjwa kwa mhudumu wa afya.

La tatu ni maambukizi ya macho mekundu na vikope. Kambini maji yamewazunguka watu, lakini maji safi ya kunawa uso huwa haba. Vikope, ugonjwa ambao wataalamu huuita trakoma, huenezwa kwa vidole, kwa vitambaa vinavyotumiwa na watu wengi na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongo. Maambukizi yakijirudia kwa miaka, kope hujipinda ndani na kukwaruza jicho hadi upofu.

La nne huwahusu watoto wadogo. Mazao yakizama, chakula hupungua, na pamoja nacho vitamini A. Mtoto asiyeona vizuri jua linapokuchwa, akijikwaa mahali ambapo wenzake wanapita, yumo hatarini. Surua ikiingia kambini hatari hiyo huongezeka maradufu. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na mtoto mwenye surua hupewa dozi nyingine kama tiba.

La tano ni presha ya macho. Ugonjwa huu hauumi wala hauonyeshi dalili kwa jirani. Mgonjwa aliyekosa dawa kwa wiki kadhaa huendelea kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuona bila kutambua, na sehemu iliyopotea hairudishwi kwa dawa wala upasuaji.

Mtoto wa jicho si dharura ya namna hii, kwa kuwa upasuaji wake unaweza kusubiri. Lakini mtu asiyeona kwa ajili ya mtoto wa jicho yumo katika hatari nyingine: hawezi kuona ukingo wa maji, wala kupita peke yake mahali ambapo mamba na viboko wamesogea karibu na makazi. Mtu huyo anahitaji kushikwa mkono na kuwa wa kwanza kuhamishwa.

Maana ya huduma ya macho inayosafiri

Fikra ya kupeleka huduma ya macho kwa waathirika wa maafa imetumika katika nchi nyingine. Taasisi ya macho ya Bascom Palmer ya Miami, Marekani, ina basi lililojengwa ndani mfano wa kliniki. Basi hilo lilitumika baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, na mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi, liliazimwa na kupelekwa Japani kwa ndege ya mizigo. Mengi yaliyohitajika huko hayakuwa makubwa: miwani iliyopotea, na dawa za kila siku zilizochukuliwa na maji.

Basi kama hilo haliwezi kufika Msala wala Kiongoroni. Katika bonde la Rufiji kliniki inayosafiri ni watu wachache na masanduku yasiyopenya maji, katika gari hadi barabara inapoishia, na katika boti kuanzia hapo. Kikosi kinaweza kuwa na daktari msaidizi au muuguzi wa macho, mpimaji wa miwani na mwandishi wa kumbukumbu. Masanduku huwa na ubao wa kupimia uwezo wa kuona, tochi, kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, kipimo cha presha ya jicho, karatasi za rangi zinazoonyesha mikwaruzo, dawa za mafuta za macho, dawa za presha ya macho, na miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali.

Miwani hiyo isidharauliwe. Mtu aliyevuka umri wa miaka 40 huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Bila miwani hawezi kusoma fomu ya kuandikishwa kwa msaada, maelezo ya dawa ya mtoto, wala kushona wavu uliochanika. Miwani ya kusomea ni ya bei ndogo, hutolewa siku hiyo hiyo, na humrudishia mtu kazi yake.

Upasuaji haufanyiki kambini. Mahali pa wazi, penye vumbi na maji machafu, hapafai kufungua jicho. Wenye mtoto wa jicho na wenye kope zilizopinda huandikwa majina, kisha hupangiwa siku ya kupelekwa hospitali njia zinapofunguka. Orodha hiyo ikipotea, kazi yote ya safari huwa imepotea pia.

Saa za kwanza ni za kijiji

Hata kikosi kiwe na bidii gani, hakiwezi kufika siku ile ile mtoto anapoumia. Hapa kuna funzo kutoka wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, lililochapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo wa kioo cha jicho na kumpa mgonjwa dawa ya mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Kati ya wagonjwa 442 waliotibiwa hivyo, asilimia 96 walipona bila kidonda, na miongoni mwa walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita hakuna aliyepata kidonda. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuwa karibu, na walikuwa na dawa mkononi.

Kinyume chake ni mazoea ya kutia jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo au unga wa mizizi. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa robo ya wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho waliochunguzwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Vilevile ni hatari kuazimana vichupa vya dawa. Baadhi ya matone yenye kupunguza wekundu huzidisha kidonda kilichosababishwa na ukungu wa mimea, na majeraha ya mashambani huwa ya aina hiyo mara nyingi.

Wajibu wa watumishi

Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya kijiji. Kamati hizo ndizo zinazofaa kuingiza huduma ya macho katika mipango yake kabla ya masika.

Kazi ya kwanza ni daftari. Mtendaji wa Kijiji, akishirikiana na mabalozi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anaweza kuandika kwa kila kitongoji majina ya wasioona na wenye uoni hafifu, wanaotumia dawa za macho na jina la dawa hiyo, na nani atamshika mkono kila mmoja wao siku ya kuhama. Nakala moja ibaki kijijini mahali pakavu, nyingine ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kikosi kinachofika Chumbi kikiwa na daftari hilo hujua kichukue dawa gani na kiende kitongoji gani kwanza. Kikosi kisicho nalo huwahudumia wenye nguvu ya kufika kwenye mstari, na kuwaacha wale ambao safari ilifanywa kwa ajili yao.

Kazi ya pili ni akiba. Zahanati za kata zinazokatika na barabara wakati wa mvua ziwe na dawa za mafuta za macho na vitamini A za kutosha kabla njia hazijafungwa. Kazi ya tatu ni maji ya kunawa: kambi inapopangwa, sehemu ya maji safi itengwe kwa ajili ya nyuso za watoto. Kazi ya nne ni marejeo. Kila aliyeandikwa kwa upasuaji afuatiliwe hadi amefika hospitali na kurudi.

Wajibu wa wakazi

Wananchi nao wanakumbushwa kuwa jicho linalouma, lililobadilika rangi au lililopungua kuona ghafla ni la kuonyeshwa siku hiyo hiyo. Atumiaye dawa ya macho aifunge katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha matibabu, na aweke miwani yake mahali anapoweza kuifikia gizani. Watoto wanaweshwe uso kila asubuhi, kila mmoja kwa kitambaa chake. Na mzee asiyeona asiachwe nyuma kwa kudhaniwa kuwa jirani amekwisha kumchukua.

Mto Rufiji umefurika tangu enzi za wahenga, na utafurika tena. Wakazi wake wamejifunza kulima baada ya maji, kujenga madungu, na kusoma rangi ya mto kabla haujapanda. Daftari la macho la kila kitongoji ni nyongeza ndogo katika elimu hiyo, na huandikwa wakati wa kiangazi, bonde likiwa kavu na kila mtu yupo nyumbani kwake.